Kazi ya Kujitolea na Kitalu Chako

Ndugu mkulima, watu wengi waingiao ofisini mwetu kutaka shauri la kuanza biashara ya miche husema, "Bwana Karani, mimi sijui biashara." Nikiwauliza zaidi, naambiwa wametunza kitalu cha kikundi miaka minne, au wameshika daftari la josho bila kulipwa hata senti. Basi, biashara waijua, ila nusu yake tu.

Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianza kazi ya kupanda miti chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, nayo ndiyo iliyokuwa Green Belt Movement. (Kabla ya hapo alikuwa na kampuni yake ya miche, Envirocare, wala haikusimama, kwa hiyo usione haya ukianguka mara ya kwanza.) Wanawake wa vijijini walikusanya mbegu wenyewe, wakaotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa walipata malipo kidogo. Angalia neno hilo: uliopona. Aliyezoea kuhesabu hivyo hatasema ana miche elfu moja kwa sababu alitia mbegu elfu moja.

Lakini yako mambo ambayo kikundi hakifundishi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha miti miaka mitatu. Nilipoanza kitalu changu nyuma ya nyumba, niliuza mche wa mgrevilea kwa shilingi 5, nikaona nimepata. Kikundini samadi ililetwa na wanachama, na maji yalitekwa kwa zamu, wala hakuna aliyeandika gharama. Nyumbani nilinunua samadi na mifuko, nikamlipa kijana wa kumwagilia. Nilipoketi na daftari, kila mche ulikuwa umenigharimu shilingi 8! Tena majirani waliozoea kupewa bure walikuja na vikapu vyao. Mke wangu hakucheka.

Kwa hiyo, kabla hujataja bei, andika kila kitu, hata jasho lako mwenyewe. Na kama ungali mweka hazina, kabidhi kwanza daftari na fedha mbele ya mkutano, watu wote wakiona. Wanachama hao ndio watakaokuwa wateja wako wa kwanza, nao hawatanunua kwa mtu wanayemshuku.

Ukitaka kuuza miche ya matunda, kama parachichi, uliza kwanza ofisi ya kilimo habari za kuandikisha kitalu. Njoo asubuhi, uje na daftari.