Fahamu: Kantri roki ya madereva wa malori

Nyimbo za madereva wa malori ni tawi la muziki wa kantri wa Marekani lililopata nguvu mwaka 1963, Dave Dudley alipovuma na "Six Days on the Road". Wimbo huo uliweka kanuni: sauti nzito ya kiume, ngoma zinazokwenda bila kupumzika, na gitaa la umeme linalopigwa kwenye nyuzi nene hadi linanguruma kama injini ya dizeli. Maneno yake hayapambi kitu: vidonge vya kufukuza usingizi, mizani ya kukwepwa, hamu ya kufika nyumbani.

Wanaroki waliudaka mtindo huo mapema. Commander Cody and His Lost Planet Airmen walitoa albamu iliyosheheni nyimbo za malori mwaka 1972. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipoleta kikomo cha maili 55 kwa saa, madereva walitumia redio za mawasiliano kutahadharishana kuhusu polisi. Lugha yao hiyo ya redioni ndiyo iliyoifikisha "Convoy" ya C. W. McCall kileleni mwa chati mwanzoni mwa 1976.

Mtindo ungali hai. Mwaka 2014 Sturgill Simpson alirekodi upya "Long White Line", wimbo wa zamani wa barabarani, kwa gitaa kali zaidi.