Nyumba si zawadi ya kupona

Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji ulio kwenye ghuba ya Tungue, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walitawanyika kwa makumi ya maelfu. Wako waliojificha porini, wako waliopanda mashua hadi ufukwe wa Paquitequete kule Pemba, na wako waliovuka mto kuingia Tanzania, ambako maelfu walirudishwa. Wengine walijazana Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliopisha mradi wa gesi. Vita vilivyoleta shambulio hilo vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na mwaka 2022 idadi ya waliohamishwa kaskazini mwa Msumbiji ilifikia karibu milioni moja.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona na wasiwasi hadi magonjwa makali. Madaktari bingwa wa magonjwa hayo Msumbiji ni wachache mno, na wengi wako mijini. Kwa sababu hiyo, tangu 1996 serikali imekuwa ikifundisha wataalamu wa ngazi ya kati na kuwapeleka wilayani. Ni uamuzi wa busara, lakini mtaalamu mmoja na wilaya nzima haviwiani.

Basi hao watu waliokimbia Palma walipokelewa na nani? Sehemu kubwa yao hawakulala kambini. Walilala kwa shangazi, kwa somo, kwa mtu waliyewahi kumuuzia samaki. Nyumba ya vyumba viwili iliingiza familia tatu, na aliyefika akizungumza peke yake usiku kucha alipewa mkeka kama wenzake. Hakuna aliyemwambia apone kwanza ndipo akaribishwe. Nionavyo mimi, hapo ndipo matibabu yalipoanza, na huduma zetu za kitaalamu zingepaswa kupangwa kuizunguka nyumba ile badala ya kuiona kama mahali pa kungojea daktari.

Sababu zake si za huruma tu. Mtu asiyelala hapati nafuu, na hawezi kulala asiyejua kesho atafukuzwa wapi. Mwenye kifafa anayetumia fenobabito, akikatiza dawa ghafla kwa kuwa mfuko umepotea njiani, anaweza kuangukia degedege mfululizo linaloua. Mwenye ugonjwa mkali wa akili anayechomwa sindano kila mwezi lazima apatikane mahali panapojulikana. Dawa inataka rafu na mtu wa kukumbusha, na muuguzi anayetembea anataka mlango wa kubisha hodi.

Wenzetu wa mbali walilifikia wazo hili la kuanza na nyumba kwa njia ndefu. Mwaka 1992 mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa watu waliolala barabarani, wenye magonjwa ya akili na wengi wao walevi, funguo za nyumba bila sharti la kuacha pombe wala kukubali dawa. Msaada ulikuwapo, ila mtu aliuchukua kwa hiari yake. Kabla ya hapo utaratibu ulikuwa ngazi: kwanza wodi, kisha hosteli yenye msimamizi, kisha, ukionyesha tabia njema, chumba chako. Wengi waliporomoka katikati. Kwa mpango wa Tsemberis, takriban wanane kati ya kumi waliendelea kukaa katika nyumba zao. Kanada ikaujaribu kati ya 2009 na 2013 kwa watu wapatao elfu mbili katika miji mitano, na majibu yakaelekea huko huko. Mpango huo unasimama juu ya imani moja: makazi ni haki ya mtu, hayatolewi kama tuzo ya utii.

Afrika ilikuwa na somo lake mapema zaidi. Huko Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangia wagonjwa wa hospitali ya Aro vyumba katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Walitibiwa hospitalini, wakarudi kijijini kupika, kulima na kugombana na wenye nyumba kama wapangaji wengine. Wanakijiji walipata kodi na kipato, nacho kilisaidia sana kutuliza hofu yao. Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa, Hombolo karibu na hospitali ya Mirembe ya Dodoma kikiwa kimojawapo. Nia ilikuwa njema, ingawa kijiji cha wagonjwa watupu si sawa na kijiji chenye wagonjwa ndani yake. Nikiambiwa nichague, nachagua Aro.

Lakini tusidhani kuta zinatosha. Quitunda inatufundisha hilo. Kuanzia 2019, familia zilizopisha mradi katika rasi ya Afungi, wengi wao wavuvi na wanawake waliozoea kuokota chaza na kome maji yakitupa, zilihamishiwa kwenye nyumba imara za kisasa. Zilikuwa bora kuliko za udongo na makuti walizoziacha. Ila pwani ilikuwa mbali, na mwanamume aliyekuwa akiamka kwa saa ya maji sasa anaamka na hana pa kwenda. Kazi, jirani wa zamani na kaburi la babu havijengwi na mkandarasi. Wakati wa kupanga makazi yenye msaada hivi ndivyo vitu vya kuuliza kabla ya kuuliza idadi ya mabati.

Liko pia jambo lisilotibika kwa kidonge wala kwa bati: watu waliopotea. Mwanamke ambaye mumewe hakuonekana tangu siku ya shambulio hajui akae eda au aendelee kusubiri. Watoto hawajui wasome hitima au wasisome. Msiba usio na maiti hauna mahali pa kukaa, na mtaalamu akiuita sonona akaandika dawa ya amitriptilini atakuwa amejibu swali dogo kati ya mawili. Hapa shehe au mwalimu wa madrasa anayezijua hukumu za mume aliyepotea ana kazi halisi ya kitabibu, na inafaa mtaalamu wa wilaya awe anamjua kwa jina. Waganga wa jadi pia wana sehemu yao katika kazi hiyo, na kwa Wamakonde na Wamakua wa huko ni vivyo hivyo. Msumbiji ilishayaona haya baada ya vita vilivyokwisha 1992, pale jamaa walipowapokea vijana waliotoka kupigana kwa kuwaogesha na kuwatakasa kabla ya kuwarudisha nyumbani. Mpaka wangu ni mmoja: pale tiba ya jadi inapomfunga mgonjwa minyororo au kumnyima dawa ya kifafa, hapo hakuna mapatano.

Kinachoniudhi katika maandiko mengi kuhusu huduma za jamii ni jinsi yanavyomsifu mwenyeji kisha yakamsahau. Ukarimu una tumbo. Familia iliyopokea watu kumi mwezi wa kwanza inakuwa na deni dukani mwezi wa sita, na mwaka wa pili mama mwenye nyumba ndiye anayekosa usingizi. Misaada ikigawiwa kwa orodha ya waliohamishwa peke yao, mwenyeji anaona mgeni wake akibeba gunia la mchele huku wanawe wakitazama. Ugomvi unaofuata huandikwa kwenye ripoti kama mgogoro wa kijamii, kumbe ni orodha iliyoandikwa vibaya.

Kwa hiyo bajeti ya afya ya akili katika ghuba ya Tungue ingekuwa na mambo yasiyozoeleka kuitwa afya: mgao wa chakula unaomhusu mwenye nyumba, mabati na mbao za kuongeza chumba, pikipiki na mafuta ya mtaalamu wa wilaya, akiba ya miezi miwili ya dawa za kifafa mikononi mwa familia kila kunapovuma habari za shambulio, na nafasi ya kupumzika kwa anayemtunza mgonjwa mkali, hata siku moja kwa juma. Wanaorudi Palma wanakuta nyumba nyingine zimeungua na nyingine zina wakaaji wapya waliotoka vijiji vya mbali zaidi. Ni nani atahama, ampishe nani, na huyo atakayehama ataelekea wapi, ni mambo ya kuamuliwa barazani kwa viongozi wa mtaa, na mtaalamu wa afya ya akili akiwa ameketi pale tangu mwanzo.