Makaa, kutu na chumvi: Chora gofu kwa kile kinacholila

UMEWAHI kuketi mbele ya nyumba iliyoachwa, ukaichora kwa penseli kutwa nzima, halafu ukiangalia karatasi unaona nyumba mpya yenye madoa? Hauko peke yako. Vijana wengi wanaoanza kuchora magofu hukwama hapo. Mistari iko sawa, milango iko mahali pake, lakini ule uchakavu haupo.

Mara nyingi tatizo haliko mkononi. Wengi wetu huchora nyufa kama mapambo, moja hapa, nyingine pale, ilhali nyumba huharibika kwa kuliwa. Maji huingia, chumvi hubandua, mchwa hutafuna, kutu hutambaa. Kila mlaji ana alama zake. Ukishamjua, unaweza kumwachia karatasi afanye kazi yake. Na habari njema ni kwamba vifaa vingi utakavyohitaji viko jikoni kwenu, kwa hivyo usiwe na presha ya bei za dukani.

Soma nyumba kwanza

Chukua mfano wa nyumba za kale za Pwani, zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba, mita 3 hivi au chini yake. Paa likitoboka, mvua huingia katikati ya ukuta na kuosha chokaa. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza, kisha sakafu ya juu hushuka. Karibu na bahari, mawe hunyonya unyevu wenye chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe na kusukuma lipu hadi ibanduke vipande vipande.

Ukienda Gede, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, utakuta mlaji mwingine: mti. Mji huo wa mawe uliachwa katika karne ya 17, na msitu ukaingia. Kuna kaburi pale lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kuna kuta ambazo sasa zimekumbatiwa na mizizi minene kuliko mguu wa mtu. Hapo ukichora nyufa pekee, umekosa habari yenyewe.

Bara nako mambo ni tofauti. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mnamo 2017, vituo kadhaa vidogo vya reli ya zamani vilibaki bila wasafiri. Katika majengo ya aina hiyo mlaji ni kutu ya mabati, jua linalokausha rangi ya mbao, na mchwa.

Kwa hivyo kabla ya kutoa penseli, keti dakika kumi. Andika mambo matatu: maji yanaingilia wapi, nini kilianguka kwanza, na nini bado kimesimama.

Makaa: anza na giza

Makaa ya jikoni huwa magumu na hukwaruza karatasi. Jitengenezee yako. Jaza vijiti vikavu vyembamba kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chuma, kisha weka juu ya moto ukiwa nje. Moshi ukikoma kutoka tunduni, epua na uache lipoe kabisa kabla ya kufungua. Ukifungua mapema, hewa itaingia na vijiti vitageuka jivu.

Sasa jaribu kuchora kinyumenyume. Paka karatasi nzima vumbi la makaa hadi iwe nyeusi, kisha tumia raba kutoa mwanga: mstari wa jua unaopita kwenye tundu la bati, ukingo wa dirisha, ngazi moja iliyobaki. Kwa vyumba vya ndani, njia hii inashinda penseli kwa mbali. Ukimaliza, puliza spreyi ya nywele kutoka umbali wa mkono ili vumbi lisifutike.

Strungi na misumari

Hii ndiyo itakayokushangaza. Tumbukiza misumari yenye kutu au waya ya kusugulia sufuria kwenye chupa yenye siki. Usifunge kifuniko kabisa, kwa sababu gesi hutoka humo. Acha siku kadhaa, kisha chuja. Pembeni, chemsha strungi nzito isiyo na sukari.

Chora ukuta wako kwa strungi kwanza, acha ikauke, halafu pitisha brashi yenye ile siki ya misumari. Utaona rangi ya kahawia ikigeuka kijivu, kisha nyeusi, mbele ya macho yako. Hakuna uchawi: tanini iliyo kwenye majani ya chai inakutana na chuma. Wino uliotumika kuandikia Ulaya kwa karne nyingi ulifuata kanuni hiyo hiyo. Inua karatasi wima ili matone yateremke, na utapata michirizi ile ile inayoonekana chini ya kila msumari wa paa kuukuu.

Lakini jua unachokifanya. Mchanganyiko huu una asidi, na miaka ikisonga unaweza kula karatasi. Strungi nayo hupauka juani. Kama ni kazi unayotaka kuweka kwenye mkusanyiko wako, hasa wewe uliye kwenye mkondo wa Sanaa katika sekondari ya juu, ipige picha nzuri siku hiyo hiyo, na usiihifadhi ikiwa imegusana na michoro mingine.

Chumvi, mshumaa na gazeti

Kwa ukuta ulioliwa na chumvi, tumia chumvi. Paka rangi ya maji au wino mwepesi, na kabla haijakauka nyunyiza chumvi ya mawe. Kila punje itavuta maji na kuacha doa jeupe lenye miale. Ikikauka, pangusa. Usiinyunyize kote. Unyevu hupanda kutoka ardhini, kwa hivyo iweke kwa wingi sehemu ya chini ya ukuta.

Kwa rangi inayobanduka, sugua mshumaa pale unapotaka paonekane pakavu, kisha pitisha wino. Nta huukataa wino, na unabaki na magamba. Mchongaji Mwingereza Henry Moore alitumia kreyoni za nta na rangi ya maji kwa njia hii alipochora watu waliokimbilia vituo vya treni chini ya ardhi jijini London wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia.

Na zile kuta za maduka ya mtaani zilizopakwa tangazo juu ya tangazo? Bandika vipande vya gazeti kwenye karatasi ya manila kwa gundi, paka rangi, bandika vingine, kisha vikiwa nusu kavu vichane. Kinachobaki hakitabiriki, na hapo ndipo raha ilipo.

Hata wakubwa walicheza hivi. Victor Hugo, mwandishi maarufu wa Ufaransa aliyefariki 1885, aliacha maelfu ya michoro, mingine ikiwa ya ngome zilizobomoka. Alichanganya wino na masizi, hata kahawa. Hakungoja duka lifunguliwe.

Usiumie, usiharibu

Gofu lina nyoka, nyigu, visima vilivyofunikwa na majani, na sakafu za ghorofa zisizoaminika. Nenda na mwenzako, na kama boriti zimeoza, chora ukiwa nje. Kaa mbali na paa za asbestosi zilizovunjika, maana vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usikwangue rangi za zamani eti upate unga wa kuchorea, kwa kuwa nyingi zilikuwa na risasi.

Kwenye maeneo yaliyohifadhiwa kama Gede, usibebe hata kipande cha lipu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inayalinda, na Gede sasa ni urithi wa dunia tangu ilipoorodheshwa na UNESCO mnamo 2024. Usisugulie kreyoni juu ya kuta hizo pia. Mazoezi hayo fanyia mlango wa kwenu. Na chakula chako kifiche vizuri, kima wa pale hawana aibu.

Tena, nyumba iliyoachwa mara nyingi ina mwenyewe. Omba ruhusa kwa heshima ya mahali ulipo. Ukiwa Pwani, "Shikamoo mzee, naomba kuichora nyumba hii" itakufungulia mlango kuliko kujipenyeza. Kisha uliza kwa nini iliachwa. Pengine ni kesi ya urithi isiyoisha, pengine watoto walihamia mjini, pengine familia ilifurushwa. Jibu hilo litabadilisha unachokichora. Uchakavu unaovutia macho yako unaweza kuwa jeraha la jirani, na mchoro usiojua hilo huwa urembo mtupu.

Kwa nini ufanye haraka

Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka. Jengo mashuhuri namna hiyo lilikuwa limepigwa picha na kuchorwa mara nyingi. Sasa fikiria nyumba ya kawaida, ile ya mwisho wa mtaa wenu. Nani anayo picha ya ngazi zake? Siku tingatinga likija, au mvua ya masika ikimaliza kazi, huenda karatasi yako yenye madoa ya strungi ndiyo ushahidi pekee kwamba palikuwa na dirisha pale.

Mwaka 1940, mji wa Coventry nchini Uingereza ulipopigwa mabomu usiku wa Novemba 14, msanii John Piper alifika kesho yake asubuhi kuchora kanisa kuu lililoungua. Alijua sura ile haingedumu.

Kwa hivyo fanya mchoro wako uweze kuaminika. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa, mfano mlango au mtu. Nyuma ya karatasi andika tarehe, mahali, upande uliosimama, na yale majibu ya majirani. Ukikisia sehemu iliyokwisha kuanguka, ichore kwa mstari mwepesi ili anayeangalia ajue ni makisio. Chumvi na kutu vikuchafulie ukuta, lakini idadi ya madirisha iwe ya kweli.

Wikendi hii chagua jengo moja tu lililo karibu nawe na mlaji mmoja tu. Mvua zikiisha, rudi usimame pale pale uchore tena. Weka karatasi mbili hizo kando kwa kando, uone kilichobanduka.