Mizani Peke Yake Haitoshi

Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, walipowapima watoto na mama zao katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, walikuta asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Waliokonda walikuwa asilimia 2.5 tu. Karibu theluthi moja ya mama zao walikuwa na uzito uliozidi, na kati ya mama hao takriban asilimia 40 walikuwa na mtoto aliyedumaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Chumba kimoja, sufuria moja: mama mnene, mtoto mfupi kuliko umri wake, na wote wawili wana utapiamlo.

Huku Eastlands bado tunautafuta utapiamlo kwa macho, tukitazamia mbavu zinazohesabika. Aliyedumaa haonekani hivyo. Kilo zake huweza kulingana na kimo chake kifupi, mashavu yamejaa, anakimbia na wenzake kwenye ploti, na kwa kuwa wenzake wengi ni wafupi vilevile, hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana nasisitiza kimo. Foleni ya kliniki ikirefuka, mtoto huwekwa kwenye mizani, nukta inatiwa kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, na ubao wa kupimia urefu unabaki ukutani. Msichana anayetimiza miaka 2 hutarajiwa kuwa na takriban sentimita 86 akisimama. Akiwa chini ya 79, amedumaa, hata kama uzito wake unaridhisha.

Wapo watakaojibu kwamba ukoo wao ni wa watu wafupi. Vipimo tunavyotumia vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa inavyopasa. Katika miaka ya mwanzo walikua karibu sawa. Basi mtoto wa Dandora akiachwa nyuma sana, tuulize kwanza anakula nini, anaharisha mara ngapi, na maji anayokunywa yanatoka wapi, kabla ya kumsingizia babu yake.

Kiini cha tatizo kiko katika miaka 2 ya kwanza. Mama anayefanya kibarua Industrial Area hana likizo ya uzazi. Anamwacha mtoto kwa mlezi mapema, na uji mwepesi unachukua nafasi ya maziwa ya mama. Utafiti mwingine katika mitaa hiyohiyo ulionyesha kuwa ni takriban asilimia 2 tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Siwezi kumlaumu mama huyo. Kodi ya nyumba haimsubiri. Naye anashiba kwa kinachopatikana kwa bei ya chini: mandazi asubuhi, chipo mchana, ugali mkubwa na sukuma kidogo usiku. Nguvu ya kufanya kazi anaipata, lakini madini na vitamini ni haba.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kuna pia utepe wa kupimia mkono, ambao mhudumu wa afya ya jamii hubeba hadi mlangoni. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Pia bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Shimo likibaki, huenda ni kwashakoo, na hapo mizani hudanganya kabisa, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini yanaongeza kilo.

Mtu mzima hugawanya kilo zake kwa kimo chake cha mita, kisha akagawanya tena kwa kimo hichohicho. Mwenye kilo 75 na mita 1.60 anapata 29.3. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, na chini ya 18.5 ni upungufu. Vijana wa rika balehe wasipimwe kwa mipaka hii, kwani wao wana chati yao ya umri na jinsia. Mjamzito naye haitoshi kuongeza kilo: himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu, hata awe mnene vipi. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki avimeze hadi viishe.

Wazee ndio tunaowasahau zaidi. Uti wa mgongo hupinda, kimo kinapungua, na hesabu ile ya mtu mzima inapotosha. Mzungushie nyanya futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli inaisha, hata kama tumbo bado ni kubwa. Nguo zikianza kumpwaya bila yeye kukusudia kupungua, muulizeni kuhusu meno, dawa na hamu ya chakula.

Mzazi unayesoma haya Kayole, Huruma au Umoja, siku utakapompeleka mtoto kliniki, usiondoke kabla hajapimwa urefu na nukta yake kuandikwa kwenye kijitabu. Ukiambiwa uzito unatosha, omba tena kwa heshima.