Mkataba wa Mmoja, Bajeti ya Wawili

Mtu aliyezidiwa na madeni nchini Kenya ana njia zaidi ya kuzima simu na kusubiri madalali. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu kwenda mahakamani, akiongozwa na mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, kuomba amri ya muda inayowazuia wadai kumshtaki au kukamata mali yake, kisha kuwawekea wadai mezani pendekezo la kulipa kidogo kidogo. Wadai wakilikubali kwa wingi unaotakiwa na sheria, na mahakama ikalipitisha, linawafunga wote waliostahili kupiga kura, hata aliyelipinga. Huu ndio mpango wa hiari. Mwenye madeni madogo anaweza kumwomba Mpokezi Rasmi wa serikali amri ya kulipa kwa awamu. Na kama hakuna kinachowezekana, upo ufilisi wenyewe.

Naiunga mkono njia ya mpango wa hiari. Inampa mtu nafasi ya kulala usiku na kuendelea na kazi, na wadai hupata zaidi kuliko wangepata kwa kugombania viti na televisheni. Lakini hati zake zote, kuanzia ombi la mahakamani hadi ripoti za mtaalamu anayeusimamia mpango, zina jina moja tu. Mke au mume wa mdaiwa kwa kawaida hapigi kura wala hatii sahihi, na mara nyingi haelezwi chochote. Naandika kwa ajili yake, kwa sababu mpango ukiandikwa vibaya, yeye ndiye anayeulipa bila kujua kwamba analipa.

Tuanze na linalomtia hofu kila mtu. Kuolewa au kuoa hakukufanyi mdaiwa wa benki ya mwenzako. Aliyetia sahihi ndiye anayedaiwa. Ni kweli Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 10, inasema wanandoa watagawana sawa deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa, kwa mfano mkopo wa kuwalipia watoto karo. Lakini hiyo ni hesabu baina ya wanandoa wenyewe. Kwa kawaida haimpi mkopeshaji ruhusa ya kumfuata asiyetia sahihi. Wakala wa kukusanya madeni anayempigia mke simu na kumwambia "hili ni deni lenu nyote wawili" anamtisha tu, na mke ana haki ya kumuuliza: nionyeshe sahihi yangu iko wapi.

Kisheria, basi, deni halihami. Pesa ndizo zinazohama.

Nitatoa mfano wa kubuni, kwa sababu jambo hili halieleweki bila tarakimu. Mume ni mwalimu wa sekondari anayepata shilingi 62,000 mkononi. Mke ana duka la vitambaa, na faida yake kwa mwezi ni 38,000. Kwa pamoja wana 100,000. Kodi ya nyumba, chakula, karo, nauli, stima na maji vinakula 70,000. Wakigawana matumizi kwa kipimo cha mapato yao, mume atabeba asilimia 62, yaani 43,400, na mke 26,600. Mume atabakiwa na 18,600, na hizo ndizo anazoweza kuwaahidi wadai.

Sasa tazama kinachotokea mara kwa mara. Mume ana aibu, anataka jambo liishe, na anataka wadai wamwone mtu wa maana. Anaandika kwamba mchango wake nyumbani ni nusu ya matumizi, shilingi 35,000, na anawaahidi wadai 27,000 kila mwezi. Wadai wanafurahi, mpango unapita. Lakini zile 8,400 za tofauti hazikutoka mbinguni. Zimehamia kwa mke, ambaye sasa analipa 35,000 kati ya 38,000 zake. Anabakiwa na 3,000 za kuendeshea maisha yake, na dukani hapati cha kuongezea mzigo. Mpango ukiwa wa miaka 3, atakuwa ametoa shilingi 302,400 kwa ajili ya deni ambalo kila hati inasema si lake. Na duka likidhoofika, mume pia hatamaliza mpango wake, maana nguzo iliyokuwa ikimshikilia ni lile duka.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Wako wanaoandika kwamba wao peke yao ndio wanaobeba nyumba nzima, na kipato cha mwenzao hawakitaji kabisa, ili waonekane hawana kitu cha kutoa. Wadai si wajinga. Wanaona duka, wanauliza, na pendekezo lote linapoteza imani.

Kwa hiyo hesabu ya haki inahitaji mapato ya wote wawili yaonekane. Hapa wake wengi hushtuka, na wana sababu: kwa nini mahesabu ya duka langu yapelekwe kwa wadai wa mume wangu? Kuonyesha mapato si sawa na kuyatoa. Msimamizi wa mpango hana mamlaka ya kuchukua faida ya duka la mke. Anachohitaji ni kujua nyumba inaendeshwa kwa kiasi gani na sehemu ya mdaiwa ni ipi. Muhtasari wa mapato unatosha kwa hilo. Mke asikubali kukabidhi akaunti zake zote, na asikubali kabisa jina lake liandikwe mahali popote kama mlipaji.

Kwa familia za Kiislamu, hasa kwetu Pwani, kuna jambo la kuongeza. Sheria ya Mali ya Ndoa, kifungu cha 3, inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, na katika sheria hiyo mali ya mke ni yake, na masurufu ya nyumba ni wajibu wa mume hata mke akiwa na kipato. Mtaalamu anayeandaa pendekezo la mume wa namna hiyo anapaswa kulijua hilo, asije akagawa matumizi kana kwamba mke ana wajibu sawa.

Kwa wafanyakazi wa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Wengi huitegemea kama ngao. Ni ngao dhaifu kwa nyumba yenye watoto, kwa sababu theluthi inayobaki haiulizi kama una mtoto mmoja au watano. Pendekezo lijengwe juu ya matumizi halisi ya nyumba.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza nyumba nyingi zaidi, ni udhamini. Mikopo ya Sacco husimama juu ya akiba ya mkopaji na wadhamini wake, na mume na mke walio wanachama wa Sacco moja hudhaminiana kama jambo la kawaida. Sasa mume anaingia kwenye mpango, wadai wake wanafungwa mikono dhidi yake, lakini mpango wake kwa kawaida haumwondoi mdhamini. Sacco inageukia akiba ya mke. Ulinzi alioupata mume mahakamani haumkingi mke hata kidogo, na pengine unamharakishia balaa, kwa kuwa mkopeshaji aliyezuiwa mlango mmoja ataujaribu ule ulio wazi. Wadhamini wengine, wenzake wa kazini na majirani, nao watakatwa, na mara nyingi mke ndiye anayekutana nao sokoni.

Kabla pendekezo halijaandikwa, kwa hiyo, orodhesheni kila mkopo ambao mke amedhamini au amechukua kwa pamoja na mume. Mazungumzo na Sacco yafanyike mapema ili ikubali kulipwa kupitia mpango bila kugusa akiba ya wadhamini, au iwape muda. Jambo ambalo hata baadhi ya mawakili hulisahau ni kwamba mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mdaiwa. Mke aliyekatwa akiba yake ni mdai wa mumewe. Jina lake linastahili kuwemo katika orodha ya wadai, na asione haya kulidai hilo. Si kumsaliti mume. Ni kuhakikisha kwamba pesa za nyumba zinahesabiwa pale zilipotoka.

Katika kipindi hicho hicho hutokea vishawishi. Ndugu wa mume wanamwambia mke, "Mama, wewe jina lako ni safi, chukua mkopo umwokoe baba watoto." Naelewa huruma iliyomo, na najua uzito wa kukataa mbele ya mama mkwe. Hata hivyo nasema bila kusita: asichukue. Jina safi la mmoja ndilo linaloiwezesha familia kukodi nyumba, kununua mzigo kwa mkopo wa msambazaji, au kupata pesa za dharura mtoto akilazwa. Likichafuka nalo, nyumba nzima inaingia kwenye shimo ambalo mpango wa mtu mmoja hauwezi kulifukia.

Kuhusu CRB, yaani taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo, niseme kwa ufupi. Kumbukumbu ya mume si kumbukumbu ya mke. Taarifa ya kushindwa kulipa, ambayo hubaki miaka 5, humfuata aliyekopa. Atakapoguswa mke ni kwenye mkopo wa pamoja au aliodhamini. Lakini watakapotaka kukopa pamoja, tuseme kununua ploti, jina la mume litawaangusha wote wawili, na ni vyema mipango ya namna hiyo isogezwe mbele.

Nyumba nayo ina sheria zake. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya maandishi ya wanandoa wote wawili, idhini iliyotolewa kwa kuelewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au imethibitika ameridhia. Mke ambaye hakuulizwa ana hoja nzito mahakamani. Aliyeridhia naye hakupoteza kila kitu: benki ikitaka kuuza lazima itoe kwanza notisi ya kumtaka mkopaji alipe, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na mwenzi aliyeridhia anapaswa kupewa nakala. Ikija, asiiache juu ya kabati.

Jambo muhimu hapa ni kwamba mpango wa hiari haumzuii mwenye rehani kutumia haki yake isipokuwa amekubali mwenyewe. Hivyo malipo ya rehani yahesabiwe kwanza, pamoja na chakula, kabla ya kuwaahidi wadai wengine shilingi moja. Na nyumba iliyoandikwa jina la mume peke yake bado inaweza kuwa na sehemu ya mke. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 2023, ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali; mchango lazima uthibitishwe, na sheria inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Kwa hiyo tafuteni karatasi: risiti za saruji, taarifa za M-Pesa za malipo ya fundi, vitabu vya chama. Karatasi hizo hizo zitamfaa pia siku dalali atakapokuja na amri dhidi ya mume na kuanza kuandika cherehani na friji ya dukani. Mwenye mali anaweza kuwasilisha pingamizi mahakamani, lakini atatakiwa kuonyesha kwamba ni yake.

Kitu kimoja kisifanyike: kuhamisha shamba au gari kwa jina la mke wiki chache kabla ya kwenda kwa wadai. Mambo yakiishia kwenye ufilisi, msimamizi wa mali ya muflisi ana uwezo wa kuomba zawadi kama hizo zibatilishwe, na mke aliyekuwa hana doa ataonekana mshirika wa njama.

Mpango ukishaanza, unaweza kuvunjika kwa mambo madogo kabisa, na ukivunjika mdai anaweza kuomba mume atangazwe muflisi. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuona kwamba mwezi hautatosha. Ndiyo maana nataka awepo mezani mtaalamu anapoandika pendekezo, si kama mdaiwa, bali kama mtu anayejua unga unaisha lini. Kalenda ya nyumba aijuaye ni yeye: Januari ni karo na sare, shule hufunguliwa tena kwa muhula wa pili na wa tatu, na duka la vitambaa lina miezi ya kuuza na miezi ya kukaa. Hakuna lazima kila mwezi ulipe kiasi kile kile. Ombeni malipo ya miezi ya karo yawe madogo na ya miezi mingine yawe makubwa kidogo, na ombeni kipengele kinachoruhusu kurudi kwa wadai kurekebisha kiasi endapo kodi itapanda au kazi itapotea. Viandikwe ndani ya pendekezo kabla ya kura, kwa sababu baada ya kura kila badiliko litahitaji ridhaa ya wale wale ambao mume bado anawadai subira.