Ununue nyumba ya baraza au uendelee kupanga?

Kuna Wakenya walioondoka nchini miaka mingi iliyopita kwenda kuishi England, na baadhi yao ni wapangaji katika nyumba za mabaraza ya miji. Watoto wao wamezaliwa, wakasoma na wakaanza kazi wakiwa humo humo. Siku moja huzuka swali ambalo hujadiliwa mezani, na hata kwa simu na jamaa walio huku nyumbani: Je, tuinunue nyumba hii au tuendelee kulipa kodi?

Swali lenyewe si geni kwetu. Wakazi wa mitaa ya Nairobi kama vile Kaloleni, Bahati na Jericho wamekuwa wakilipa kodi kwa baraza la jiji, na tangu 2013 kwa serikali ya kaunti, bila nyumba hizo kuwa zao. Tofauti ni kwamba huko England mpangaji hahitaji kubembeleza. Akitimiza masharti, baraza linalazimika kisheria kumuuzia.

Haki hiyo ililetwa na Sheria ya Nyumba ya 1980, wakati wa serikali ya Bi Margaret Thatcher. Mpangaji wa miaka 3 alipunguziwa bei kwa asilimia 33, na aliyetimiza miaka 20 akapunguziwa nusu. Tangu wakati huo nyumba karibu milioni 2 zimeuzwa England. Scotland iliufuta mpango huo 2016 na Wales ikafuata 2019, zikihofia kwamba nyumba za watu wa mapato ya chini zilikuwa zinakwisha.

Faida za kununua ni za kweli, na si vyema kuzibeza. Mwenye nyumba anaweza kubomoa ukuta wa jikoni, kuuza au kupangisha, mradi aliyemkopesha na hati ya nyumba vinamruhusu. Mpangaji hawezi. Isitoshe, mpangaji anayehamia Kenya akamwachia nyumba mtu mwingine ili amlipe kodi kisirisiri hupoteza haki ya kupanga, na tangu 2013 anaweza kushtakiwa.

Kuna pia jambo la urithi. Upangaji wa baraza kwa kawaida hurithiwa mara moja tu. Kwa mikataba iliyoanza Aprili 2012 au baadaye, sheria inamhakikishia nafasi hiyo mume au mke, au anayeishi na marehemu kama mume au mke. Kwa hiyo mama mjane akifariki, kijana wake wa miaka 30 aliyekulia humo anaweza kutakiwa kufunganya virago. Nyumba iliyonunuliwa huachiwa watoto.

Punguzo si lile la zamani

Wengi bado wanazungumza juu ya punguzo walilolisikia kwa majirani zamani. Hadi Novemba 2024, mpangaji wa London aliweza kupunguziwa hadi pauni 136,400, na wa kwingineko England hadi pauni 102,400. Tarehe 21 mwezi huo viwango vilishuka sana. Sehemu kubwa ya London sasa mwisho ni pauni 16,000, na kwingineko ni kati ya pauni 16,000 na 38,000 kulingana na eneo. Sharti la kuwa mpangaji wa nyumba za umma kwa jumla ya miaka 3 nalo huenda likakazwa, kwani 2025 serikali ilitangaza nia ya kulifanya kuwa miaka 10.

Chukua mfano wa nyumba ya ghorofani London ambayo bei yake sokoni ni pauni 300,000. Ukitoa pauni 16,000 zinabaki 284,000. Ukizikopa zote kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 25, utalipa kama pauni 1,660 kila mwezi. Riba ikipanda hadi asilimia 7, malipo yanapita pauni 2,000. Na wakopeshaji wengi hawapendi kutoa zaidi ya mara nne na nusu ya mapato ya mwaka, kumaanisha familia hiyo inahitaji kuwa na mapato ya pauni 63,000 hivi.

Linganisha hesabu hiyo na kodi unayolipa sasa. Kumbuka pia kwamba ukifutwa kazi ukiwa mpangaji, unaweza kuomba msaada wa serikali wa kulipia kodi. Ukiwa mwenye nyumba msaada huo hupati. Ule unaotolewa kwa riba ya mkopo wa nyumba ni mkopo pia tangu 2018, na utaulipa. Walionunua wakati uchumi ulipokuwa mzuri walijionea haya 1991, pale nyumba zaidi ya 75,000 za watu wa kila namna zilipotwaliwa na wakopeshaji nchini Uingereza kwa mwaka mmoja tu.

Nyumba njema si mlango

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo paa likivuja au mtambo wa kuchemsha maji ukiharibika, mpangaji hupiga simu na baraza likaleta fundi. Siku ya kununua, simu hiyo inakatika. Fundi ni wako na gharama ni yako.

Kwa nyumba ya ghorofani mambo ni mazito zaidi, na hapa ndipo wengi huumia. Hununui jengo wala ardhi. Unanunua haki ya kukaa, kwa kawaida ya miaka 125, na baraza linabaki kuwa mwenye jengo. Litakutoza ada ya kila mwaka ya usafi, taa za ngazini, lifti na bima. Likiamua kubadilisha paa zima au lifti, utaletewa hesabu ya sehemu yako, na inaweza kuwa maelfu ya pauni. Kwa miaka 5 ya kwanza haliwezi kukutoza ukarabati kupita makadirio yaliyo katika barua ya bei, isipokuwa nyongeza ya mfumko wa bei. Baada ya hapo kinga hiyo inakwisha. Kwa hivyo uliza mapema: paa lina umri gani? Kuna kazi gani kubwa zilizopangwa?

Aidha, usiridhike na mwonekano. Baadhi ya walionunua nyumba za zege zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia waligundua baadaye kwamba zilikuwa na kasoro, hata ikabidi Bunge lipitishe sheria ya kuwasaidia 1984. Na tangu moto wa jengo la Grenfell, London, uliowaua watu 72 mwezi wa Juni 2017, wakopeshaji hutazama kwa makini kuta za nje za majengo marefu. Jengo ambalo wakopeshaji wanalikimbia litamtatiza hata atakayetaka kununua kwako. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe.

Watoto wakitaka kuchangia

Sheria inamruhusu mpangaji kununua pamoja na jamaa wasiozidi 3 ambao wameishi naye kwa miezi 12 iliyopita. Jambo hili ni zuri, lakini ndugu hugombana baadaye. Nani atalipa mkopo mmoja akioa na kuhama? Mama akitaka kurudi Kenya kustaafu, ni nani atakayekubali nyumba iuzwe? Yaandikwe mbele ya wakili kabla ya fedha kutoka.

Na asiyekusudia kukaa afikiri mara mbili. Ukiuza ndani ya miaka 5 utarudisha punguzo: lote mwaka wa kwanza, asilimia 80 mwaka wa pili, kisha 60, 40 na 20, na hesabu hufuata thamani ya nyumba siku ya kuuza. Hadi miaka 10 ipite, lazima kwanza ulipe baraza nafasi ya kuinunua. Jihadhari na mtu anayebisha hodi akiahidi kukulipia kila kitu mradi umkabidhi nyumba baadaye. Deni la punguzo ni lako, si lake.

Habari njema ni kwamba kuuliza bei hakukufungi. Baraza likishapokea fomu, linatakiwa kujibu kwa wiki 4, au 8 ikiwa hujawa mpangaji wake kwa miaka 3. Likikubali, linatoa barua ya bei kwa wiki 8, au 12 kwa nyumba nyingi za ghorofani. Nawe una wiki 12 za kuamua, na unaweza kujiondoa.

Zitumie wiki hizo vizuri. Keti na familia, andikeni malipo ya mkopo, ada, bima na akiba ya ukarabati, kisha jiulizeni kama mtayaweza mtu mmoja akikosa kazi kwa miezi 6. Mkiweza, na kama mnatarajia kukaa, nunueni. Msipoweza, si aibu kuendelea kupanga. Kodi inayolipika ina usingizi kuliko hatimiliki inayokutoa jasho usiku.