Shaha Aliyekosa Pa Kwenda

Mashindano mengi ya sataranji hufuata utaratibu wa Kiswisi, uliotumika kwanza mjini Zurich mwaka 1895. Katika duru ya kwanza, wenye nguvu hupangwa na wanyonge. Ndiyo maana, ndugu msomaji, huko Wote, Makueni, nilimwona kijana mgeni kutoka Kitui ameketi mbele ya bingwa. Kwa hesabu za mchezo huu, anayezidiwa alama 400 hutarajiwa kupata pointi 9 tu katika michezo 100.

Kijana alipokonywa kete moja baada ya nyingine, akabaki na shaha peke yake. Wengi walidhani atatoa mkono, yaishe. Hakutoa. Bingwa, aliyekwisha kuuona ushindi, akamsukuma malkia bila kupima. Shaha hakushambuliwa, wala hakuwa na pa kwenda. Kwa sheria, hiyo ni sare.

Wachezaji wa bao wa huku kwetu pwani wanalijua jambo hili: mdharau mwiba, mguu huota tende. Nusu pointi ile kijana aliipata kwa sababu hakuondoka kitini.